Kapeti Kavu, Sponji Mbichi: Gari Lililoingiwa na Maji

Kila mvua kubwa inapopita katika miji yetu ya pwani, huacha nyuma yake magari yaliyofunguliwa milango yote minne na kuanikwa juani mbele ya nyumba, mithili ya godoro la mtoto. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua hali hiyo vyema. Waliiona Desemba 2011, wakaiona tena Aprili 2018, na kila mara bonde la Msimbazi linapofurika na barabara kufungwa pale Jangwani, yapo magari yanayokutwa na maji yakiwa njiani au yakiwa yameegeshwa nyumbani. Baada ya siku mbili za jua kapeti huguswa kwa kiganja, huonekana kavu, hupuliziwa manukato, na asubuhi inayofuata watoto hupakiwa kwenda shule na madrasa.

Tunapenda ndugu wasomaji wafahamu kwamba ukavu huo, mara nyingi, ni wa juu tu. Gari limetengenezwa kwa tabaka, na maji hukaa katika tabaka ambazo mkono haufiki. Kwa familia nyingi gari ni mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, na limenunuliwa kwa akiba ya miaka. Zaidi ya hayo, ndani yake huketi roho za watu. Kwa hiyo wiki hii tunaeleza namna ya kulikausha na kulikagua gari lililoingiwa na maji, na wajibu unaomfuata mwenye gari hilo siku atakapotaka kuliuza.

Usipige stati

Jambo la kwanza ni la kujizuia. Gari lililozama, au lililozimika katikati ya maji, lisiwashwe hata kwa kujaribu mara moja. Injini hufanya kazi kwa kubana hewa ndani ya silinda, na hewa hubanika. Maji hayabaniki. Yakiwa yameingia kupitia njia ya hewa, pistoni hupanda ikakutana na kitu kisichokubali kusogea, na mkono wa pistoni hupinda au kukatika. Injini ambayo ingepona kwa kumwaga maji na kubadilisha oili huharibika kwa sekunde moja ya papara. Gari livutwe au lisukumwe hadi mahali pakavu palipoinuka.

Hatua ya pili ni kufungua betri, ukianza na waya wa upande wa hasi, wenye alama ya kutoa. Kadiri umeme unavyoendelea kupita katika waya zenye maji, ndivyo kutu inavyozila kwa kasi. Mwenye gari la haibridi asiguse kabisa nyaya nene za rangi ya chungwa, kwa kuwa zina umeme mkubwa unaoweza kuua. Kazi hiyo aachiwe fundi aliyesomea magari ya aina hiyo.

Kabla ya kusafisha chochote, pigeni picha, hasa za alama ya mwisho maji yalipofika. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake aone kama mafuriko yamo, na atoe taarifa mapema. Mwenye bima ndogo afahamu kwamba bima hiyo hulipa madhara aliyowasababishia wengine, haigusi kapeti wala kompyuta ya gari lake mwenyewe.

Maji yamefika wapi, na ni maji gani?

Maswali haya mawili ndiyo yanayoamua ukubwa wa kazi. Maji yaliyoishia kwenye kapeti ni kazi ya familia na fundi mmoja kwa siku chache. Yaliyofika kwenye makalio ya viti yamekwisha kugusa nyaya, soketi na, katika magari mengi, vifaa vya mifuko ya hewa. Yaliyofika kwenye dashibodi yamegusa karibu kila kitu, na hapo ni busara kupiga hesabu kabla ya kutoa hata shilingi, kwa kuwa matengenezo huweza kuizidi thamani ya gari lenyewe.

Aina ya maji nayo ina hukumu yake. Maji safi ya mvua yaliyopita katika dirisha lililosahaulika ndiyo mepesi kuliko yote. Maji ya bahari ni mabaya kuliko yote kwa chuma na umeme, kwa sababu chumvi hubaki baada ya maji kukauka, huvuta unyevu wa hewani na kuendeleza kutu kila siku. Gari lililoingiwa na maji ya chumvi halina budi kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kukaushwa, sehemu zote ambazo bahari ilifika.

Ama maji ya mafuriko ya mjini, hayo yamepita katika mitaro na katika mashimo ya vyoo yaliyofurika. Hubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hubeba pia mkojo wa panya, ambao ndio njia mojawapo ya kuenea kwa homa ya mgunda, ugonjwa ulioitikisa Lindi mwaka 2022. Anayesafisha avae glavu na viatu vya mpira, afunike vidonda, na watoto wasishirikishwe katika kazi hiyo kwa kisingizio cha kuwafundisha bidii.

Toeni kila kitu

Gari la familia ni kabati linalotembea. Toeni vizulia vya kukanyagia, viti vya watoto, mito, na kila kilicho katika buti. Mswala, kanzu ya akiba na mabaibui yaliyoachwa garini yafuliwe kwa maji safi mengi kabla ya kurudi katika matumizi ya swala. Msahafu uliokuwa katika droo ya dashibodi usianikwe juani, kwani karatasi hujikunja na jalada hubanduka. Usimamishwe wima kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimefunguliwa kidogo, na karatasi nyeupe za kunyonya maji zipachikwe kati yake na kubadilishwa mara kwa mara.

Kiti cha mtoto kilichozama katika maji machafu kisihukumiwe kwa kitambaa chake. Mikanda na kifungio chake ndivyo vinavyomshika mtoto wakati wa ajali, na matope yakikaa ndani ya kifungio hakibani sawasawa. Kisipofunga kwa mlio ule ule wa siku zote, kisitumike.

Chini ya kapeti

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Kapeti ya gari siyo kitambaa kimoja. Juu kuna manyoya tunayoyaona. Chini yake, katika magari mengi, kuna utando mzito. Na chini ya utando kuna sponji au pamba nene iliyowekwa ili kuzuia kelele na joto. Sponji hiyo hunywa maji mengi, na utando ulio juu yake huyazuia yasipande kama mvuke. Jua la siku tatu hukausha manyoya likaiacha sponji mbichi vilevile. Chini kabisa kuna bati, nalo huanza kula kutu kimyakimya upande wa ndani, ambako hakuna anayetazama.

Jaribio lake ni jepesi. Chukueni taulo nyeupe, ikunjeni, iwekeni kwenye kapeti mbele ya kiti, kisha mtu mzima aikandamize kwa goti kwa uzito wake wote. Taulo ikitoka na unyevu, au na doa la udongo, kapeti haijakauka hata kama kiganja kinasema imekauka. Fanyeni hivyo mbele na nyuma, kulia na kushoto, kwa sababu maji hukimbilia upande ambao gari limeinamia.

Basi, kapeti iliyoloa sponji haina dawa ila kunyanyuliwa. Kazi si ngumu kama wengi wanavyodhani. Kiti cha mbele katika magari mengi hushikwa na bolti nne, na kwa Toyota nyingi spana namba 14 hutosha. Hata hivyo chini ya kiti kuna soketi za waya, na zile za rangi ya njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa au za mikanda. Betri iwe imefunguliwa kwa muda wa dakika 10 hivi kabla ya kuzigusa, na zisipimwe kwa taa wala kwa mita ya umeme, kwani mkondo mdogo unaweza kuulipua mfuko. Viti vikiwa nje, gari lisiwekwe swichi, kwani kompyuta itaandika hitilafu na kuwasha taa ya onyo. Asiye na uhakika na hatua hii amwite fundi; ujira wake ni mdogo kuliko hasara.

Kisha bandueni plastiki za vizingiti vya milango, nyanyueni kapeti, na tazameni bati. Katika sakafu ya magari mengi kuna vizibo vya mpira. Vikitolewa, maji hushuka yenyewe. Msisahau shimo la tairi la akiba, ambalo hukaa na maji kwa miezi bila mtu kujua.

Kukausha si kuanika tu

Maji yanayoonekana yatolewe kwanza kwa mashine ya kunyonya maji, ambayo waosha magari wengi wanayo, au kwa taulo. Kisha kapeti na sponji visafishwe kwa sabuni na maji safi hadi maji yanayotoka yawe meupe, ndipo vianikwe nje ya gari, juu ya kamba au matofali, hewa ipite chini na juu. Sponji iliyonyonya maji ya vyoo ni afadhali itupwe na kuwekwa mpya. Makalio ya kiti nayo yana sponji nene kuliko ya kapeti. Yaegemezwe wima ili maji yateremke, yageuzwe, na yajaribiwe kwa taulo ile ile.

Wakati ni jambo la kuzingatiwa. Katika joto letu, ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu ulio hai, na manukato huificha bila kuiua. Mtoto mwenye pumu akifungiwa ndani ya gari hilo huku kiyoyozi kikipuliza, huvuta ukungu huo kila asubuhi. Kwa hiyo familia yenye mgonjwa wa kifua isisafiri katika gari hilo mpaka litakapokauka kwa ukweli.

Yapo makosa matatu yanayorudiwa mara kwa mara. La kwanza ni kulianika gari huku vioo vimefungwa. Joto hupanda, maji yakageuka mvuke, mvuke ukakosa njia, na usiku ukarudi kuwa maji juu ya dari na nyuma ya dashibodi. Milango iwe wazi, na mkiwa na feni ielekezwe sakafuni. La pili ni kumwaga dawa kali ya kung'arishia nguo ndani ya gari. Dawa hiyo hudhoofisha nyuzi za mkanda wa usalama, na ikichanganywa na siki hutoa hewa ya sumu. Mkanda uvutwe hadi mwisho, uoshwe kwa sabuni nyepesi na maji, uachwe ukauke ukiwa umevutwa hivyo hivyo. La tatu ni kuharakisha kurudisha kapeti kwa sababu gari linahitajika kesho.

Injini ikishapimwa na kuruhusiwa kuwaka, kiyoyozi ni msaada mkubwa, kwani hukausha hewa inayopita ndani yake. Baada ya hapo kuna jaribio la mwisho: fungeni vioo na milango usiku kucha, mtazame alfajiri. Vioo vikiwa na ukungu kwa upande wa ndani, bado kuna maji yaliyojificha, na kazi haijaisha.

Umeme na usalama

Watu wengi hudhani kwamba waya ikishakauka imepona. Sivyo. Kutu katika soketi huendelea baada ya kukauka, na hitilafu hujitokeza wiki au miezi baadaye: kioo kinachogoma kupanda, taa zinazowaka ovyo, gari linalozimika njiani bila sababu. Fundi umeme afungue soketi zote zilizoguswa na maji, atazame kama kuna unga wa kijani au mweupe, azisafishe kwa dawa maalumu ya soketi, na akague boksi la fyuzi pamoja na visanduku vya kompyuta, ambavyo katika magari kadhaa hukaa chini karibu na miguu ya abiria.

Kifaa cha kuogopewa kuliko vyote ni kompyuta ya mifuko ya hewa. Katika magari mengi hufungwa katikati, juu ya sakafu, chini ya pale penye gia, mahali ambapo maji hufika mapema. Ikiharibika, mfuko unaweza kutofunguka siku ya ajali, au ukafunguka siku isiyo ya ajali. Tazameni taa yake kwenye dashibodi, yenye picha ya mtu aliyeketi na mviringo mbele yake. Ukiweka swichi ni lazima iwake, na baada ya sekunde chache izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, pia kuna hitilafu, au kuna mtu aliyeizima kwa makusudi.

Hatimaye oili za injini, giaboksi na difu zitazamwe. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, nayo ibadilishwe kabla gari halijatembea. Breki zijaribiwe taratibu mahali pasipo na watu.

Maji yasiyotoka mtoni

Si kila kapeti iliyoloa imepatwa na mafuriko. Wapo wanaokausha gari kila wiki bila kujua maji yanatoka wapi. Kiyoyozi hutoa maji, na maji hayo hutoka kwa kibomba kidogo chini ya gari. Ndiyo maana gari lenye kiyoyozi kinachofanya kazi huacha kidimbwi linaposimama. Kidimbwi kikikosekana na kapeti ya mbele ikiloa, kibomba kimeziba. Vivyo hivyo majani ya mwembe au mwarobaini hujaa katika mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, na maji ya mvua yakakosa njia yakaingia ndani. Na ikiwa unyevu huo unanata na una harufu tamu, hayo ni maji ya rejeta, na fundi aitwe upesi. Kukausha bila kuziba chanzo ni kuteka maji kwa pakacha.

Siku ya kuuza

Tunafika mahali ambapo ufundi unakutana na dini. Gari lililozama likisafishwa vizuri huweza kuwa la kupendeza kuliko lisilozama, kwa kuwa limeoshwa kuliko yote. Hapo ndipo huja kishawishi cha kulipeleka sokoni na kunyamaza.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la chakula. Aliingiza mkono wake ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye chakula, akajibiwa kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hana nafasi pamoja naye. Tuzingatie kwamba mtu yule hakulaumiwa kwa mvua. Mvua ni qadari ya Mwenyezi Mungu. Alilaumiwa kwa kuweka kikavu juu na kibichi chini, na hiyo ndiyo hali ya kapeti tuliyoieleza, yenye manyoya makavu na sponji mbichi.

Kwa hiyo anayeuza gari lililoingiwa na maji amweleze mnunuzi lini liliingiwa, maji yalifika wapi, nini kilibadilishwa na nini hakikukaguliwa. Maelezo hayo yaandikwe katika hati ya mauziano, na bei ipunguzwe kwa kadiri yake. Kusema gari linauzwa jinsi lilivyo hakumwondolei dhima mtu anayeijua aibu yake na kuificha, na sheria ya Kiislamu humpa mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa hiari ya kuirudisha. Huenda mwenye gari akapoteza fedha kidogo kwa kusema kweli. Lakini aliyenyamaza ameuza pia usalama wa watoto asiowajua, watakaoketi nyuma ya mfuko wa hewa usiofanya kazi.

Naye mnunuzi asitegemee ulimi wa muuzaji peke yake. Aende mchana, na fundi wake mwenyewe. Avute mkanda wa kila kiti hadi mwisho, atafute mstari wa udongo. Apige tochi chini ya viti aone reli na bolti kama zina kutu isiyolingana na umri wa gari, au alama za spana zinazoonyesha kwamba viti vimewahi kutolewa. Afungue shimo la tairi la akiba, atazame ndani ya taa za mbele kama kuna mstari wa maji, na aiangalie taa ya mifuko ya hewa inavyowaka na kuzima. Harufu kali ya manukato katika gari la kuuzwa iwe sababu ya kupiga goti na taulo nyeupe.

Mvua nyingine zitakuja, in shaa Allah, na kwa wakulima wetu ni rehema. Kabla hazijafika, zibueni mifereji ya magari, tafuteni mahali pa juu pa kuegesha, na msiliingize gari katika maji yanayotiririka msiyoyaona chini yake, kwani sentimita 30 tu za maji yaendayo kwa kasi huweza kulielea gari dogo. Na lile ambalo limekwisha kuingiwa, nyanyueni kapeti yake wiki hii, kabla ukungu na kutu havijaitangulia mikono yenu.